Tsavo na Pwani Wakati wa Masika

Kwetu Uasin Gishu mtu akisema kwamba mwaka umeanza, hana maana ya Januari. Ana maana ya mvua. Ifikapo mwisho wa Machi mashamba yamekwisha limwa, mbegu na mbolea zimenunuliwa kwa fedha taslimu au kwa deni, na macho ya watu wote, mkulima na karani, yanatazama mawingu. Mvua ikinyesha kwa wakati wake, hata mwenye duka mjini Eldoret hufurahi, kwa kuwa anajua kwamba baada ya mavuno madeni yatalipwa.

Lakini nenda Voi au Malindi ukawaulize watu wa hoteli habari za miezi hiyo hiyo, nao watakujibu kwamba huo ni msimu mfu. Wageni wa Ulaya wamekwisha rudi kwao, vitanda ni vitupu, na baadhi ya hoteli zimefunga milango. Mvua ni ile ile, na nchi ni ile ile, lakini huku huitwa baraka na kule huitwa hasara. Jambo hilo lilinishangaza kwa muda mrefu. Basi nilipopewa likizo yangu ya mwaka mwishoni mwa Aprili, nilikata shauri kwenda kujionea mwenyewe.

Nilifuatana na mzee mmoja jirani yangu, mkulima wa mahindi upande wa Moiben, ambaye alikuwa amekwisha panda shamba lake mapema, na ambaye katika miaka yake sitini na saba hakupata kuiona bahari. Wanawe walimlipia nauli. Ninawaandikia wasomaji habari za safari hiyo kwa sababu wako wengi, wenye mshahara mdogo au shamba dogo, wanaodhani kwamba mbuga za wanyama na pwani ni mambo ya wageni tu, na kwamba wakati wa mvua hakuna la kuonekana huko ila matope.

MASIKA HAYAFANANI

Kwanza yafaa msomaji ajue kwamba mvua ya kwetu, ya Tsavo na ya pwani hazifanani, ijapokuwa zote huanza karibu wakati mmoja. Kuanzia Novemba hivi mpaka Machi upepo wa kaskazi huvuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi. Halafu hugeuka, na kuanzia Aprili mpaka Septemba au zaidi huvuma kusi kutoka upande wa kusini. Kati ya pepo hizo mbili, jua likiwa limesimama juu ya ikweta, hewa hupata joto, hupanda juu, nayo mawingu hujikusanya na kumwaga maji. Hiyo ndiyo asili ya masika.

Pwani mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote ni Mei. Tsavo hupata mvua mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, tena mara nyingi ile ya Novemba na Desemba ndiyo kubwa zaidi. Lakini kwetu nyanda za juu mvua haikatiki mwezi wa Juni, maana katika miezi ya katikati ya mwaka tunaletewa unyevu kutoka Ziwa Victoria na misitu ya Kongo. Ndiyo sababu mahindi yetu huweza kukaa shambani miezi mingi bila kukauka. Kwa mwaka mzima Eldoret na Mombasa hupata mvua iliyo karibu sawa, kadiri ya milimita 1,000 au zaidi kidogo. Voi, iliyo katikati, hupata kadiri ya nusu ya hiyo. Niliyaeleza hayo kwa mzee tulipokuwa tukingoja basi, naye akanijibu, "Kumbe Voi mtu akipanda mbegu yetu ya miezi sita ataila njaa." Baadaye niliona kwamba neno hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko nilivyodhani.

KUTOKA ELDORET

Tuliondoka Eldoret saa kumi na mbili za asubuhi. Mji wetu, ambao wazee bado wanauita Sitini na Nne kwa sababu ulianzia katika shamba lenye nambari hiyo, ulipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Reli ilifika hapo mwaka 1924, na zamani msafiri wa Nairobi alipanda gari la moshi. Lakini siku hizi abiria hupita barabarani, mwendo wa kilometa zipatazo 310.

Kule Timboroa, mahali palipo zaidi ya meta 2,700 juu ya bahari, ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa mchana. Mwaka 1908 Makaburu waliokuja kukaa Uasin Gishu walipita sehemu hizo na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, na magari hayo yakazama katika tope hata ikawabidi kukata miti na kuitandika njiani. Leo njia ni ya lami, nasi tulipita katika muda wa kunywa kikombe cha chai.

Hata hivyo mvua haijaacha kuwa na nguvu. Karibu na Mai Mahiu tulionyeshwa upande ambako, kabla ya mapambazuko ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa nyuma ya tuta la reli ya zamani yalipasua njia, yakashuka bondeni pamoja na mawe na miti, yakaua makumi ya watu waliokuwa usingizini. Abiria waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Nataja jambo hilo ili mtu asidhani kwamba ninaisifu mvua kama mtu asiyeijua. Mwenye kusafiri wakati wa masika lazima aiheshimu.

KWA GARI LA MOSHI MPAKA VOI

Tulilala Nairobi kwa shemeji yangu, na asubuhi yake tukapanda gari la moshi la saa mbili katika stesheni kuu ya Syokimau. Reli hii mpya ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, nayo hufika Mombasa kwa muda wa saa tano au sita. Lile la asubuhi husimama katika stesheni za njiani, kwa hiyo ndilo linalomfaa mtu anayetaka kushuka Voi.

Tulipopita Emali na Kibwezi nchi yote ilikuwa kijani. Mibuyu, ambayo wakati wa kiangazi husimama mitupu kama miti iliyong'olewa ikapandwa kichwa chini, ilikuwa imevaa majani. Baada ya Mtito Andei reli huingia katika mbuga ya Tsavo. Hapo imejengwa juu ya tuta refu, na chini yake yameachwa mapito makubwa ili ndovu na wanyama wengine wapite kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mzee aliweka uso wake dirishani muda wote. Aliona pundamilia na swala, akaona na kundi la nyati waliokuwa wamelala katika maji. Lakini alichokitaja kwanza hakikuwa mnyama. Alisema, "Karani, tazama nyasi! Ng'ombe wangu wangeshiba hapa mpaka wangeshindwa kusimama."

KATIKA MBUGA

Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1948. Ukubwa wake zote mbili hupita kilometa za mraba 20,000, yaani zaidi ya mara sita ya kaunti yetu ya Uasin Gishu. Voi tulikodi motokaa pamoja na mwalimu mmoja na mkewe waliotoka Machakos, tukagawana gharama. Kwa kuwa ilikuwa masika, mwenye gari alitupunguzia bei bila kusukumwa sana, na nyumba ya kulala wageni ilikuwa na nafasi ya kuchagua. Malipo ya mbuga siku hizi hayafanywi kwa noti mlangoni, bali hulipwa kwa simu, na mwananchi mwenye kitambulisho hulipa kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa nchi za nje.

Nisimfiche msomaji: saa mbili za kwanza hatukuona ndovu hata mmoja. Tuliona kanga, mbuni, twiga wawili, na swala twiga akisimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu. Dereva wetu, mtu wa Taita aliyezifanya kazi hizo miaka mingi, alitueleza sababu. Wakati wa kiangazi maji hupatikana mahali pachache tu, katika Mto Galana, katika mabwawa na visima vilivyochimbwa, kwa hiyo wanyama wote hukusanyika hapo, na mgeni huwapiga picha akiwa amekaa kitini. Mvua ikinyesha kila shimo huwa kisima. Ndovu hana haja ya kukaa mtoni. Hutawanyika katika nchi yote, tena nyasi na vichaka vimekua vikamficha. "Anayetaka kuhesabu wanyama aje Septemba," alisema. "Anayetaka kuwaona wakiwa na furaha aje sasa."

Nilimwona mwalimu akikunja uso, maana watoto wake walikuwa wamemwagiza picha za ndovu. Lakini hata saa kumi za jioni hazijatimia, tulipopinda kwenye kilima kidogo, tulikuta kundi la ndovu kumi na mmoja kando ya njia. Walikuwa wekundu kama matofali, maana udongo wa Tsavo ni mwekundu, nao walikuwa wamegaagaa katika dimbwi. Miongoni mwao alikuwamo mtoto aliyefika chini ya tumbo la mama yake. Dereva alizima moto wa gari. Yule mtoto alijaribu kupanda ukingo wa dimbwi akateleza, akajaribu tena akateleza, mpaka mama yake akamsukuma kwa mguu wa mbele. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akauliza ndovu huchukua mimba miezi mingapi. Alipoambiwa kwamba ni ishirini na miwili alitikisa kichwa, akasema, "Basi mama huyu amengoja mvua zaidi ya moja."

Dereva akatusimulia habari za ukame uliopita. Kabla ya 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mwezi wa Novemba 2022 Wizara ya Utalii ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini katika muda wa miezi tisa, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika ukame wa 1970 na 1971 ndovu waliokufa Tsavo walihesabiwa kwa maelfu. Wengi hawakufa kwa kiu. Walikuwa karibu na maji, lakini nyasi na majani ya karibu yalikuwa yamekwisha liwa, na wale wanaonyonyesha hawakuwa na nguvu za kwenda mbali na kurudi. "Siku zile," alisema, "wageni walikuwa wengi na wanyama walionekana vizuri sana. Mimi nilikuwa nafunga dirisha la gari kwa ajili ya harufu."

Maneno hayo yaliniingia moyoni. Ule msimu tunaouita mzuri kwa kutazama wanyama, ukizidi kidogo tu, ndio unaowaua. Na huu tunaouita mbaya ndio unaowafanya wawepo wa kutazamwa.

Siku ya pili tulikusudia kwenda hadi Maporomoko ya Lugard katika Galana. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana. Tulipofika kwenye kijito kimoja, dereva alishuka, akatazama jiwe lililo katikati ya maji, akarudi akageuza gari. Mwalimu alimwomba ajaribu, naye akamjibu kwa adabu, "Bwana, jiwe lile nikiliona napita. Leo silioni." Tukarudi, na hakuna aliyenung'unika tena. Mtu anayekodi gari wakati wa masika na amchague dereva wa namna hiyo, awezaye kusema hapana.

WAKULIMA WA SAGALLA

Mzee hakutaka kuondoka Voi kabla ya kuwaona wakulima wenzake. Kusini ya mji uko mlima wa Sagalla, na chini yake mashamba ya Wasagalla yamepakana na nchi ya ndovu. Tulikaribishwa na mama mmoja mwenye shamba la mahindi, mbaazi na kunde. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmetoka mbali?"

Mzee alimwuliza anapanda mbegu gani, naye akasema ni ya muda mfupi, maana mvua ya kwao haingoji mtu. Kisha akamwuliza habari za ndovu. Akajibu, "Baba, ndovu hatuchukii sisi, ila anapenda tunachokipenda. Mahindi yakianza kubeba hatulali. Usiku mmoja akiingia, karo ya watoto imekwenda."

Akatuonyesha ua wake. Mizinga ya nyuki imetundikwa kati ya miguzo kulizunguka shamba, na yote imefungwa kwa waya mmoja. Ndovu akisukuma waya ili aingie, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye ndovu, pamoja na ukubwa wake, huwaogopa nyuki, maana humwuma penye ngozi laini, machoni na ndani ya mkonga. Njia hiyo imekuwa ikijaribiwa Sagalla kwa miaka mingi na watu wanaochunguza mambo ya ndovu, na mwenye shamba hupata asali ya kuuza. Lakini mama yule hakuificha kasoro yake. Mvua ikikosekana maua hukosekana, nyuki huhama, na mizinga hubaki mitupu. Na wakati huo huo ndipo ndovu anapokuwa na njaa kuliko siku zote. Kwa hiyo hata ua huo nao hulindwa na mvua.

Tulipokuwa tukirudi, mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Mwisho alisema kwamba tangu ujana wake alikuwa akidhani mbuga ni ardhi iliyopotezwa bure, ambayo watu wangeweza kulima. Sasa alikuwa ameuona udongo wake na ameisikia habari ya mvua yake, naye alijua kwamba sehemu kubwa ya nchi ile isingelea mahindi miaka mitatu mfululizo. Lakini akaongeza, "Hata hivyo, fedha za mlangoni zisipomfikia mama yule kwa njia yoyote, ndovu ana deni kwake." Mimi sina neno la kuongeza juu ya hukumu hiyo.

MOMBASA NA MALINDI

Kutoka Voi tulishuka Mombasa. Msomaji anayefungua bomba la maji katika mji huo yafaa ajue kwamba sehemu ya maji yake ni mvua iliyonyesha mbali sana. Vilima vya Chyulu ni vya mawe ya volkeno yenye matundu mengi. Mvua huzama ndani yake, husafiri chini ya ardhi, kisha hutokea katika chemchemi za Mzima, katika Tsavo Magharibi, zaidi ya lita milioni 200 kila siku, na kutoka hapo bomba huyachukua mengine mpaka baharini. Na watu wa kale waliijua thamani ya mvua. Katika ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, tulionyeshwa birika kubwa lililotengenezwa kwa kukingia maji ya mvua, kwa sababu maji ya kisima penye bahari yana chumvi. Tulizunguka ngome yote tukiwa karibu peke yetu, na mwenye kutuongoza alikuwa na nafasi ya kujibu kila swali. Mwezi wa Desemba hapana nafasi ya namna hiyo.

Malindi tulifika kwa basi, mwendo wa kilometa kama 120. Mvua ya pwani si kama yetu. Ya kwetu hunguruma mchana na kujitangaza. Ile huja usiku au alfajiri, hupiga mabati kwa kishindo, kisha jua hutoka na nchi yote hutoa mvuke. Katika siku nne tulizokaa huko, siku moja tu ilitufungia ndani mchana kutwa.

Karibu na bahari iko nguzo ya Vasco da Gama. Mreno huyo alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, akapata uadui, akaenda Malindi na kupokewa vizuri na Sultani, aliyempa rubani wa kumwongoza. Tarehe 24 Aprili akatweka matanga kuelekea Bara Hindi, akafika karibu na Calicut baada ya wiki nne tu. Watu wa hoteli wanauita mwezi huo mfu. Lakini kwa mabaharia wa zamani mwanzo wa kusi ulikuwa mlango unaofunguka, na majahazi ya Arabuni na ya Hindi yaliungoja ili yarudi kwao. Kusi ikishika nguvu, kuanzia katikati ya Mei, mlango ulifungwa, maana bahari huchafuka sana.

Hata leo ni hivyo kwa wavuvi. Tuliwakuta wakitengeneza nyavu chini ya miti, mashua zao zimevutwa juu. Wenye vyombo vidogo hawathubutu kupita mwamba kusi ikivuma. Huvua ndani, na samaki huwa haba na ghali. Kwa kasa, kinyume chake, miezi hiyo ni ya kazi: huko Watamu hupanda ufukoni usiku ili wachimbe mchanga na kutaga mayai.

Kisha tukaenda kuuona mto. Kaskazini kidogo ya Malindi, Mto Sabaki huingia baharini. Huo ndio Galana tuliouacha Tsavo, na Galana ni Mto Athi uliokutana na Mto Tsavo. Maji yake hutoka hata katika vilima vya karibu na Nairobi na mashamba ya Ukambani. Tuliposimama kwenye daraja, mto ulikuwa mwekundu na mzito kama uji wa wimbi, na bahari mbele yetu, ambayo mzee aliahidiwa kwamba ni buluu, ilikuwa ya rangi ya udongo kadiri macho yalivyoweza kuona. Mchanga na udongo unaoletwa na mto huo umeupanua ufuko wa Malindi, na tope lake huyadhuru matumbawe ambayo samaki huyategemea. Wageni wanaokuja kuogelea huona maji hayo wakakasirika.

Mzee alishuka ukingoni, akachota tope kwa kiganja, akalisugua kwa kidole gumba kama afanyavyo mkulima anapopima shamba. Akasema polepole, "Udongo huu ulikuwa na mwenyewe."

Nilimkumbusha kwamba maji ya Sosiani, yanayopita katikati ya Eldoret, huingia Kipkaren, halafu Nzoia, na mwisho wake ni Ziwa Victoria. Na kwamba watu wa Budalangi, ambao mafuriko huwahamisha mara kwa mara, hupokea udongo wetu sisi. Alinitazama, akasema kwamba akirudi atapanda nyasi za kushika matuta katika mteremko wake wa chini, ambao kila mwaka humpa mahindi machache zaidi. Nimepita kwake juzi, nazo nyasi zimeota.

WANAOBAKI

Msimu huo una watu wake wanaoumia, na si haki kuwasahau. Jioni moja tulinywa chai katika hoteli moja iliyobaki wazi, meza ishirini na wageni watano. Kijana aliyetuhudumia alituambia kwamba wenzake wengi walikuwa wamepewa likizo bila mshahara mpaka Julai. Wengine wamekwenda kulima kwa wazazi wao, wengine wanaendesha pikipiki za abiria, wengine wanakopa dukani. Yeye alibakizwa kwa zamu ya nusu mwezi. Mzee alimwuliza kama anaichukia mvua. Akajibu, "La, babu. Mama yangu ana shamba Ganze, na mwaka wa ukame mimi ndiye niliyemlisha. Ninachotaka ni watu kama nyinyi waje. Nyinyi mvua hamuiogopi."

Katika jibu hilo imo sababu ya makala haya. Mgeni wa mbali anafuata jua, wala hatuwezi kumlaumu, maana kwao analikosa. Lakini mwananchi hana haja ya kufuata kalenda yake. Walimu, makarani na wakulima waliokwisha panda wana nafasi ndogo baada ya kupanda na kabla ya palizi, na likizo ya shule ya Aprili huangukia hapo hapo. Vyumba ni rahisi, watumishi wana nafasi, na anayekwenda humwachia mshahara mtu ambaye pengine angelala bila kazi.

Kwa anayetaka kwenda, haya ndiyo niliyojifunza. Asikilize tangazo la Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka, na akiambiwa mafuriko yako mbele, angoje. Katika mbuga akodi gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne, na gharama agawane na wenziwe. Aulize bei ya masika waziwazi, wala asione haya. Achukue koti la mvua, chandarua na dawa ya kufukuza mbu, kwani mbu wa pwani wakati huo ni wengi, na malaria haitazami cheo. Sisi tuliozoea baridi ya nyanda za juu hatuna budi kuonana na mganga kwanza. Aulize wenyeji kabla ya kuingia baharini, wala asivuke maji yanayokwenda kasi, kwa gari wala kwa miguu. Tena asiweke moyo wake juu ya mnyama mmoja au rangi moja ya bahari, bali atazame kila kitu kinachofanywa na maji.

Mzee aliiona bahari buluu siku ya mwisho, asubuhi, upande wa Watamu, mbali na mdomo wa mto. Alivua viatu, akaingia mpaka magotini, akaonja maji kwa ulimi, akayatema. Kisha akauliza saa ya basi, kwa kuwa wanawe walikuwa wamempigia simu kumwambia kwamba mahindi yameota vizuri na palizi imekaribia.